Chupa ya Mililita Tatu: Kisa cha Mtoto Aliyezaliwa Kabla ya Wakati, Malindi

Mtoto alizaliwa saa tisa na dakika arobaini usiku katika hospitali moja mjini Malindi, mwanamume, gramu 1,280. Alilia. Kilio chenyewe kilikuwa chembamba na hakikudumu, kikafuatwa na ile sauti ambayo kila nesi wa wodi ya watoto wachanga huitambua hata akiwa amempa mtoto mgongo: mguno mfupi mwishoni mwa kila pumzi. Jua lilipochomoza alikuwa ameshatiwa mapafuni dawa iliyotolewa kwenye mapafu ya nguruwe, kwa ridhaa ya wazazi Waislamu na baada ya simu moja kwa sheikh.

Wanaokisikia kisa hiki hukimbilia nguruwe. Mimi nilikuwa zamu usiku ule, na naona nguruwe ni sehemu yake ndogo. Kubwa ni saa. Swali lililoulizwa alfajiri lilikuwa na nafasi ya kuulizwa asubuhi ya siku iliyotangulia, na chupa iliyobeba sifa zote ilimkuta mtoto ambaye watu wengine walikuwa tayari wamemwekea akiba ya kungoja. Ndiyo maana nakieleza kwa urefu. Mambo ya kuwatambulisha wenyewe nimeyabadilisha.

Hesabu ya mavyaa

Mama ana miaka 26, na hii ni mimba yake ya pili. Kwao ni kijijini, ng'ambo ya Mto Sabaki. Chupa ilimpasukia asubuhi akiwa jikoni, bila uchungu wa maana, na mavyaa wake hakungoja kushauriana na mtu. Alimtia kwenye tuktuk mpaka zahanati.

Kadi ya kliniki ilisema wiki 32. Aliyeiandika alikisia kwa kupapasa tumbo, maana mama alikwenda kliniki kwa mara ya kwanza mimba imeshakuwa kubwa, na tarehe ya hedhi yake ya mwisho hakuikumbuka. Tarehe ya kizungu, yaani. Nesi wa zahanati alipouliza upya, aliyejibu ni mavyaa.

"Alitaka kuanza kufunga sita Idi pili. Nikamwandalia daku. Alfajiri akaniambia, mama, leo siwezi, nimeingia mwezini."

Idi pili ni tarehe 2 Mfungo Mosi. Siku chupa ilipopasuka ilikuwa tarehe 3 Mfungo Nane. Miezi saba ya mwezi mwandamo, mingine ya siku 29 na mingine ya 30, huja siku 206 au 207. Ongeza moja, gawanya kwa saba: wiki 29 na siku nne, au tano. Nesi aliiandika hesabu hiyo pembeni ya kadi kwa kalamu nyekundu na kuizungushia duara. Mizani ilimuunga mkono mavyaa baadaye, kwa sababu gramu 1,280 ni uzito wa mtoto wa wiki 29 au 30. Wa wiki 32 huwa anakaribia gramu 1,700.

Natamani tungekuwa na desturi ya kuuliza hivi kila siku. Wanawake wa pwani yetu wana kalenda kichwani iliyo sahihi kuliko makisio yetu ya mikono: deni la Ramadhani, sita, Maulidi, harusi ya fulani iliyomkuta hana twahara. Tunawauliza Januari au Februari, wananyamaza, tunaandika "hakumbuki".

Nesi yule alifanya jambo jingine, nalo ndilo nililisifu kuliko yote yaliyofuata. Kabla hajapiga simu ya gari, alimchoma mama sindano ya deksamethasoni, miligramu 6, pajani. Ilikuwa saa mbili u nusu asubuhi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi nne za namna hiyo, moja kila baada ya saa 12, kwa mama anayeelekea kuzaa kati ya wiki 24 na 34, ikiwa hana dalili za maambukizi na mtoto ataangukia mahali penye uangalizi. Dawa hupita kwenye kondo, ikalihimiza pafu la mtoto likomae.

Jambo hili lilianzia kwa kondoo. Graham Liggins wa New Zealand alikuwa akichunguza kinachoanzisha uchungu wa kuzaa, akaona wanakondoo waliozaliwa mapema mno baada ya kupewa homoni ya jamii hiyo wanapumua, ilhali walitarajiwa wafe. Mwaka 1972 yeye na Ross Howie walitoa matokeo ya majaribio kwa akina mama. Kwa miaka mingi baadaye palikuwa na wasiwasi kama faida hiyo ingeonekana pia katika nchi zenye hospitali kama zetu, mpaka utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2020, uliofanywa Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan. Katika kundi lililopewa deksamethasoni, watoto 278 kati ya 1,417 walifariki kabla ya kutimiza siku 28. Katika kundi la sindano isiyo na dawa, 331 kati ya 1,406. Ni asilimia 19.6 dhidi ya 23.5. Na sindano yenyewe ni ya bei rahisi.

Mama alifikishwa mjini saa nne. Dozi ya pili alipewa wodini saa mbili u nusu usiku, pamoja na vidonge vya erithromaisini, antibiotiki, kwa ajili ya chupa iliyopasuka. Ya tatu ingekuja saa mbili u nusu asubuhi. Mtoto hakuingoja.

Pafu lisilo na povu

Pafu ni vijifuko vidogo mno vya hewa, vilivyolowa kwa ndani. Utando wa maji ulio ndani ya kifuko huvuta kuta zake zikutane, na kifuko kikiwa kidogo zaidi mvuto huwa mkali zaidi. Sisi hatuisikii taabu hiyo kwa sababu vifuko vyetu vina safaktanti, mchanganyiko wa mafuta na protini unaotengenezwa na seli za pafu lenyewe. Karibu asilimia 90 yake ni mafuta, kumi zilizobaki ni protini. Hukaa juu ya ule utando na kuulegeza kama sabuni inavyolegeza maji, na kifuko hubaki wazi kidogo hata baada ya pumzi kutoka. Mtoto tumboni huanza kuitengeneza kwenye wiki ya 24 hivi, na huwa ya kutosha akikaribia wiki ya 35. Anayezaliwa kabla ya hapo huanza upya kwa kila pumzi, akifungua vifuko vilivyogandana. Ule mguno ni mtoto anayebana koo ili hewa isimtoke yote. Mwili unajitetea, lakini unachoka, na saa chache baadaye mtoto huacha kuguna si kwa kuwa amepona.

Mwaka 1929 Kurt von Neergaard, akifanya kazi Uswisi, alijaza mapafu maji badala ya hewa, akaona yanatanuka kwa urahisi zaidi. Mvuto wa utando haukuwepo tena. Hakuna aliyemjali sana. Ilikuwa mwaka 1959 ndipo Mary Ellen Avery na Jere Mead walipoonyesha kwamba mapafu ya watoto waliokufa kwa ugonjwa huu yamepungukiwa na safaktanti. Kujua hakukuleta dawa papo hapo. Agosti 1963 mke wa rais wa Marekani, John Kennedy, alizaa mtoto wa mimba ya wiki 34, Patrick, mwenye kilo 2.1. Alifariki akiwa na saa 39, madaktari wa Boston wakiwa wamemzunguka. Mtoto wetu hakufika thuluthi mbili ya uzito huo. Mwaka 1971 George Gregory na wenzake wa San Francisco walieleza namna ya kumsaidia mtoto kupumua kwa hewa yenye mgandamizo usiokatika, na mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani akatoa taarifa ya watoto kumi aliowatia mapafuni safaktanti iliyotokana na ng'ombe.

Ng'ombe, si nguruwe. Hilo tutalirudia.

Sentimita sita za maji

Tulimfunika mtoto kwa mfuko safi wa plastiki mpaka shingoni kabla hata hajafutwa, kitovu kikakatwa baada ya dakika moja, kofia kichwani. Alama zake za mwanzo, zile za hali ya mtoto mara tu anapozaliwa, zilikuwa 6 kati ya 10, kisha 8. Kifua kilikuwa kikiingia ndani, pua zinatanuka, mguno hauishi. Tukamweka kwenye sipapu.

Kwa asiyeijua: ni vibomba viwili vifupi puani, hewa iliyochanganywa na oksijeni inapita bila kukatika, na upande wa pili bomba la kutolea hewa limezamishwa kwenye chupa ya maji. Kina cha bomba ndani ya maji ndicho mgandamizo anaoupata mtoto. Ukilizamisha sentimita 6, pafu lake linashikiliwa wazi kwa sentimita 6 za maji. Maji yakitokota, mashine inafanya kazi. Yakinyamaza, kuna hewa inayovuja mahali, aghalabu puani, na nesi anainuka. Mashine nyingine zote za wodi huzitazama; hii naisikiliza.

Baba aliomba aadhini. Alinawa mikono mpaka viwikoni kama tulivyomwelekeza, akainama kando ya kitanda chenye joto, akasoma adhana kwenye sikio la kulia kwa sauti ya chini sana, huku chupa ikitokota upande wa pili. Hakuna sababu ya kitabibu ya kumzuia mzazi jambo hili, na wodi inayomzuia hujitafutia ugomvi isiouhitaji.

Alipewa kafeini ya kumfanya asisahau kupumua, vitamini K, dripu ya sukari, na penisilini pamoja na gentamaisini, kwa kuwa chupa ilikuwa imepasuka mapema na nimonia ya kuzaliwa nayo huweza kufanana kabisa na ugonjwa huu katika saa za kwanza. Eksirei ilitoka na ukungu mweupe pande zote mbili, mirija ya hewa ikionekana myeusi ndani yake. Saa moja unusu baada ya kuzaliwa alikuwa bado anataka oksijeni asilimia 40 kwa mgandamizo wa 6. Kisha 45. Mwongozo wa madaktari wa Ulaya wa mwaka 2022 unasema mtoto wa namna hii akihitaji zaidi ya asilimia 30 kwa mgandamizo wa 6 au zaidi, apewe safaktanti, na mapema ni bora kuliko kungoja. Daktari wa watoto alikuwa ameshaitwa kutoka kwake. Alimtazama mtoto, akaitazama eksirei, akasema: "Huyu anataka dawa."

Chupa

Katika friji ya famasia palikuwa na chupa moja. Ya nguruwe.

Safaktanti zinazotumika sana huja kwa wanyama hawa wawili. Ya nguruwe ina miligramu 80 katika kila mililita, na dozi ya kwanza ni kati ya miligramu 100 na 200 kwa kila kilo, wengi wakipendelea 200. Ile ya ng'ombe tunayoizoea ina miligramu 25 kwa mililita, na dozi yake ni miligramu 100 kwa kilo. Kwa mtoto wetu, ya ng'ombe ingekuwa zaidi ya mililita 5 za maji ya dawa katika pafu la mtoto wa kilo moja na robo. Ya nguruwe, 200 mara 1.28 ni miligramu 256, yaani mililita 3.2. Chupa kubwa ina mililita 3. Daktari hakufikiria mara mbili: chupa moja, miligramu 240, ni karibu 188 kwa kilo, imo ndani ya kipimo. Kufungua chupa ya pili kwa ajili ya mililita sifuri nukta mbili ni kuitupa, hata kama ingekuwapo. Bei ya moja ni makumi ya maelfu ya shilingi.

Sasa lile la friji. Dawa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na haitiwi mtoto ikiwa baridi. Huachwa ipate joto la chumbani au hushikwa viganjani, ikigeuzwa taratibu bila kutikiswa. Chupa ambayo haijafunguliwa, ikishapata joto, yaweza kurudishwa kwenye friji mara moja tu, ndani ya saa 24. Daktari alilijua hilo, akasema itolewe sasa hivi, kabla hatujaongea na wazazi. Wakikataa, inarudi. Wakikubali, iko tayari. Niliishika mimi.

Hapo ndipo alipokwenda kwa baba na jamaa zake, na alisema yote kwa mara moja. Nayakumbuka maneno yake kwa sababu yalikuwa machache.

"Dawa ninayoitaka imetolewa kwenye mapafu ya nguruwe. Ya ng'ombe iko, lakini iko Mombasa. Ikitoka sasa hivi haifiki kabla ya saa nne au tano asubuhi. Naweza kumsubirisha mtoto kwa mashine. Sidhani ni salama, kwa sababu anachoka, na akichoka kabisa itabidi awekwe bomba kooni, na mashine ya namna hiyo hapa sina."

Ami yake baba, mzee wa kofia ya vito aliyekuja usiku huo kwa pikipiki, aliuliza kwanza bei. Nguruwe alikuja baadaye. Nalitaja hili kwa wale wanaodhani kila kikwazo cha familia ya Kiislamu ni cha kidini. Baba alikuwa kimya, kisha akasema angetaka kumuuliza sheikh. Swala ya alfajiri ilikuwa imeshasaliwa, watu wanatoka msikitini. Alipatikana kwa simu ya kwanza.

Wakati huo mimi na mwenzangu tulikuwa tumemwendea mama wodini, maana hakuna aliyemuuliza. Wanaume wanaongea ukumbini, daktari anaongea na wanaume, na mwenye mtoto amelala kitanda cha tatu kutoka mlangoni akitazama dari. Nilimweleza kama daktari alivyoeleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu hamjui nguruwe wala ng'ombe," alisema. "Nyinyi mwaulizana nini?"

Mpeni, akasema. Lakini aliongeza kwamba mumewe aachwe amuulize sheikh, moyo wake utulie, kwa sababu ndiye atakayeishi na maneno ya watu.

Sheikh aliwekwa kwenye spika. Hakuanza na hukumu, aliuliza. Je, kuna hatari ya kweli au ni hofu tu? Kuna nyingine isiyo ya nguruwe? Iko wapi, na mtoto anaweza kuingoja? Daktari alijibu moja moja. Nilivutiwa kwa sababu hayo ndiyo maswali ambayo sisi wenyewe tungepaswa kuwa tumeyajibu kabla ya kufungua mdomo. Kisha sheikh alisoma ile sehemu ya aya ya 173 ya Suratul Baqara, kwamba aliyelazimika bila kutamani wala kupita kiasi hana dhambi, akakumbusha kanuni ya mafakihi kwamba dharura huhalalisha yaliyoharamishwa, na kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake. Akamalizia kwa sharti la vitendo: ipeni hii sasa, na agizeni ile ya Mombasa, ili dozi ya pili ikihitajika muanze nayo.

Wapo wanazuoni wanaopita njia nyingine, wanaosema kitu kikigeuka asili yake hubadilika hukumu yake pia, na yaliyotolewa kwa kemikali si nguruwe tena. Sheikh huyu hakuigusa hoja hiyo. Kwa kazi yetu naipendelea njia aliyoishika, maana inategemea mambo ambayo daktari anaweza kuyathibitisha pale kitandani, si mjadala wa maabara alfajiri.

Tangu daktari kusema "anataka dawa" mpaka kuishika laringoskopu, kifaa cha kuonea ndani ya koo, zilipita dakika 40. Nusu ya muda huo na zaidi chupa ilikuwa bado inapata joto kiganjani, na iliyobaki ilikwenda katika kuandaa vifaa na kumtuliza mtoto. Mazungumzo yote yalifanyika ndani ya muda ambao ungepita hata kama familia ingekuwa ya Kikristo, au isiyo na swali lolote.

Dakika tatu

Njia aliyoitumia ni ile ya bomba jembamba: mtoto anabaki kwenye sipapu, anaendelea kupumua mwenyewe, daktari anaona nyuzi za sauti kwa laringoskopu na kupitisha kibomba chembamba kama cha kulishia, sentimita moja na nusu hivi kupita nyuzi hizo, kisha dawa inasukumwa polepole. Njia ya zamani ni bomba pana kooni, dawa, kisha kulitoa, na bado ni nzuri kwa mkono uliozoea. Inayotegemea mkono ni zote mbili. Hospitali yenye dawa bila mkono haina dawa.

Ni nyeupe, nzito kiasi, kama maziwa. Ilipoingia mililita moja hivi, oksijeni ya damu ikashuka mpaka 76, mapigo yakaanguka chini ya 100. Daktari akasimama, mkono palepale, hakutoa wala kusukuma. Tukaongeza oksijeni. Mtoto akakohoa kidogo, akajivuta, namba zikapanda. Akaendelea. Jumla dakika tatu. Nikavuta kidogo kwenye mrija wa tumboni kuona kama dawa imepotea njia, hakikutoka cheupe.

Halafu ikaja sehemu ambayo wengi huisahau. Pafu likifunguka, oksijeni ile ile iliyokuwa inaokoa huanza kudhuru, na jicho la mtoto wa wiki 29 halivumilii ziada. Nilikaa na kitufe cha kuchanganyia hewa: 45, 40, 35. Ndani ya dakika ishirini alikuwa kwenye 28, damu ikisoma 92. Mguno ukakoma, na safari hii kukoma kwake kulikuwa kwema, kifua kilikuwa kimetulia.

Ya ng'ombe ilifika kutoka Mombasa saa tano na robo. Haikuhitajika. Ikaingia friji kumngoja mwingine.

Yaliyobaki yalikuwa ya kawaida, na kawaida ndiyo kazi yenyewe. Dang'a iliyokamuliwa, matone kwa matone kupitia mrija. Kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, mama kwa saa nyingi na mavyaa akimpokea. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, ambao Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi tano, ulionyesha kuanza jambo hili mapema, hata kabla mtoto hajatulia, hupunguza vifo kwa robo. Siku ya saba ami alikuja na wembe kwa ajili ya nywele za akika. Tulimwomba asogeze mbele, kichwa cha mtoto huyu ndicho kinachopoteza joto kuliko kiungo kingine. Alikubali bila neno. Tayari alikuwa ameshazoea kungoja. Sipapu ilitolewa siku ya tano, antibiotiki zilisimamishwa baada ya damu iliyopimwa maabara kutoota vijidudu. Macho yalipimwa mwishoni mwa wiki ya nne, mishipa ikaonekana haijakomaa lakini haina ubaya, akapewa tarehe nyingine. Aliondoka akinyonya mwenyewe.

Saa kumi na tisa

Narudi kwenye saa. Mama alikuwa mikononi mwetu tangu saa nne asubuhi. Tulijua chupa imepasuka, tulijua hesabu ya mavyaa, tulikuwa tunamchoma deksamethasoni kwa sababu ile ile kwamba mapafu ya mtoto hayajawa tayari. Friji ilikuwa na chupa ya nguruwe mchana kutwa. Ukihesabu kutoka sindano ya kwanza ya zahanati mpaka mtoto kuzaliwa ni saa 19, na katika saa hizo hakuna aliyewaambia wazazi kwamba huenda ikahitajika dawa, imetoka wapi, na wangependa ipi. Mombasa ni kilomita 120 hivi. Ya ng'ombe ingeweza kuwa friji moja na ile nyingine kabla ya magharibi, na familia ikachagua ikiwa imeshiba na imepumzika.

Mwenzangu mmoja anapinga. Anasema ukimwambia mama mwenye uchungu habari za nguruwe unamtia hofu ya jambo ambalo huenda lisitokee, kwa kuwa si kila mtoto wa wiki 29 atahitaji dawa hii, hasa akipata sindano zote nne na sipapu mapema. Ana haki katika hilo la mwisho. Lakini hofu ya saa tano asubuhi ina mtu wa kuiuliza maswali. Ya alfajiri ina kelele za mashine.

Mwingine, wa hospitali nyingine, ananiambia wao hawasemi kabisa. Fomu yao ina maneno ya Kiingereza yanayotaja dondoo asilia ya mapafu, mzazi anatia sahihi, basi. Hili silikubali hata kidogo. Chanzo kimeandikwa kwenye karatasi ya dawa, na mzazi mwenye simu atakijua siku moja. Akikijua mwenyewe, hatauliza tu kuhusu nguruwe. Atauliza na lile la chanjo, na lile la dripu.

Kuna wanaosema tuweke ya ng'ombe peke yake, tuondokane na maneno. Nimelifikiria. Tafiti zilizozilinganisha zilimpendelea nguruwe pale alipopewa kwa dozi ya 200, na bado wataalamu wanabishana kama faida ni ya mnyama au ya dozi. Maji ya dawa ya ng'ombe ni mengi zaidi kwa pafu dogo, na kuyapitisha kwa kibomba chembamba huchukua muda. Isitoshe, wapo wanaouliza ng'ombe mwenyewe alichinjwa vipi. Kwa hiyo naona ziwepo zote mbili panapowezekana, na panapopatikana moja tu, isemwe ni ipi.

Kilichobadilika wodini ni kidogo. Faili ya kila mama anayelazwa kabla ya wiki 34 ina karatasi moja zaidi, kwa Kiswahili, inayojazwa anapopewa dozi ya kwanza ya deksamethasoni, si baadaye: hedhi ya mwisho kwa kalenda yoyote anayoijua, ameambiwa kuhusu dawa ya mapafu na chanzo chake, anapendelea ipi, nani mwingine angependa aulizwe, na namba yake ya simu. Sahihi ya kwanza ni ya mama. Famasia hupigiwa simu saa ile ile, na jibu lao kuhusu kilichomo kwenye friji huandikwa chini yake kwa kalamu nyekundu.